Ngozi Moja ya Ng'ombe

Ngozi ya ng'ombe ikilowa jasho la watoto wenye homa hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaisahau. Tulilala juu yake wanne, katika shamba la mzungu karibu na Kitale, msimu wa palizi ya mahindi: mimi Nekesa na ndugu yangu Simiyu, watoto wa mke mkubwa, pamoja na Wekesa na Nanjala, watoto wa mama mdogo Nafula, mke wa pili wa baba.

Surua ilianza kwangu na Simiyu. Desturi ilikuwa watoto wa boma walazwe pamoja, waugue mara moja, kazi iishe. Mama mdogo alikataa. "Mama Simiyu, wangu usiwachanganye," alisema akichukua jembe. "Kwetu Kanduyi surua haipiti, inabeba. Ilibeba kaka zangu, Wafula, Barasa na Khaemba, huku watoto wa jirani waliougua nao wakiendelea kucheza."

Mama akacheka. "Ati surua inauliza ukoo? Si baba yao ni mmoja! Enda shamba, bana."

Mama mdogo alipotoweka kwenye mahindi, mama aliwaleta Wekesa na Nanjala akawalaza katikati yetu, akawarudisha kabla mama yao hajatoka shamba. Hakuwa na ubaya moyoni. Alitaka tu yaishe.

Mimi na Simiyu, siku ya sita, tulikuwa tumepata nafuu, tunalilia viazi. Zamu yao ilipofika, wiki mbili baadaye, Wekesa alipumua kama mtu anayepanda mlima, akafa Jumanne. Nanjala alimfuata kabla ya Jumapili. Na uji tulikuwa tumekunywa wa chungu kimoja.

Wazee wa ukoo walikaa kikao. Wakasema mke ambaye watoto wake pekee ndio hufa ana mkono mbaya, wa uchawi. Wakamuuliza mama kama kuna lolote analojua. Mama akaangalia chini. Mimi nilikuwa mlangoni, nikanyamaza. Mama mdogo alirudishwa kwao na sufuria moja, bila wa kumsindikiza.

Siku hizi mtoto hudungwa sindano ya surua hata kabla hajatembea vizuri. Mjukuu wangu Nasimiyu, daktari huko Bungoma, alinieleza kwamba kuna watu hurithi damu isiyoweza kupigana na virusi fulani; kirusi kile kile kinampitia huyu, kinamuua yule. Alidhani ananifundisha jambo jipya. Nikamwambia nililisikia zamani, kwa mwanamke aliyeshika jembe. Akauliza alikuwa nani. Nilimtajia jina, halafu, kwa mara ya kwanza maishani, nikamtaja na aliyewalaza wale watoto katikati yetu.