CD Niliyoisugua kwa Dawa ya Meno

Siku ile, mwanangu, mguu huu wa kushoto huikumbuka kabla kichwa hakijaikumbuka. Nilikuwa kijana, tunavuna ngano Mbulumbulu, nimekaa juu ya magunia kwenye tela, na Lohay anaendesha trekta huku anaongea na simu. Namtaja, kwa nini nisimtaje? Alikata kona, mimi nikaangukia mgongo. Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini. Nikarudi kwa mama, mguu nauburuta.

Ukoo ukanipeleka Arusha kupigwa picha za uti wa mgongo. Sikupewa ile karatasi nyeusi unayoinua juani. Nilipewa CD, na maneno: daktari bingwa wa mifupa anakuja Karatu Alhamisi, siku moja tu, akiziona hizi atajua kama mguu utaokolewa.

Ilikuwa Jumatano. Kutulia sikuweza. Nikilala, mgongo unawaka. Nikisimama, moyo unakwenda mbio. Nikajiambia, ngoja niuone mgongo wangu kabla mtu mwingine hajauona. Nikajikongoja hadi steshenari ya Boay, pale njia ya vumbi, ambapo magari ya watalii yakipita yanakumwagia udongo mwekundu mpaka kwenye chai.

Boay akaisukuma CD ndani. Kompyuta ikaizungusha, ikakoroma, ikaitema.

"CD yako mbovu, kaka."

"Jana tu nimepewa!"

"Basi ulipewa maiti. Mimi nimesoma kozi ya kompyuta. Wewe umesoma nini?"

Darasa la saba, mwanangu, na lenyewe sikulimaliza. Akanipa kitambaa na dawa ya meno, akasema sugua hivi, mduara mduara, uchafu utoke. Nikasugua. Ikagoma. Nikasugua tena kwa nguvu, jasho linanitoka, kama mtu anayetoa masizi kwenye sufuria.

Alhamisi daktari akaiweka kwenye kompyuta yake. Ikazunguka, ikazunguka. Hakuna kitu. Akaitoa, akaigeuzia dirishani, mikwaruzo ya mduara ikang'aa.

"Za wenzako watatu imezisoma. Hii umeifanya nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Wakapigiwa simu kule Arusha: picha wakishaziweka kwenye CD huzifuta, na ukoo haukuwa na pesa ya kupiga nyingine. Daktari akafunga mfuko wake, akaondoka. Aliporudi ilikuwa imepita miezi saba, na mguu ulishanyauka.

Lakini kabla ya hapo, wiki ile ile ya CD, nilikwenda kwa Boay kumtukana. Nikamkuta Mzee Gwandu, fundi redio wa Ganako, ameifungua ile kompyuta. Ndani mle kuna kijicho cha kioo, hicho ndicho kinachosoma CD, na vumbi jekundu lilikuwa limekilalia kabisa. Akakipangusa kwa pamba yenye spiriti, taratibu. Akaweka CD ya kwaya, ikaimba. Akaweka nyingine, nayo ikaimba.

"Nyani haoni kundule," mzee akasema. "Kipofu ilikuwa mashine, ninyi mkamchuna ngozi aliyesimama mbele yake."

"Ni Boay aliniambia!"

"Mdomo wa Boay, sawa. Na mkono ulikuwa wa nani?"

Boay akaangalia viatu vyake. Mimi nikauangalia mkono wangu.

Basi usiniige. Kompyuta ikikataa CD, usianze kuiadhibu CD. Weka nyingine unayoijua ni nzima. Ikikataa na hiyo, mgonjwa ni mashine. Mwite fundi apanguse kile kijicho. Ikiisoma ile nzima, hapo ndipo uitazame ya kwako, na hata hivyo ijaribu kwanza kwenye mashine nyingine. Ukilazimika kuifuta, chukua kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizunguke. Dawa ya meno ni ya meno. Na ikisomeka popote pale, nakili papo hapo, usingoje kesho.

Na kwa watu ni hivyo hivyo. Mtu akikuambia fulani ni mbovu, muulize kwanza wiki hiyo amewaona wabovu wangapi wengine. Akikosa kukutajia hata mmoja mzima, jicho lake ndilo lenye vumbi; ondoka na cha kwako mkononi, hata kama amesoma kozi na wewe hukusoma.

Boay bado ana steshenari. Tunasalimiana. Kumsamehe najaribu, asubuhi nyingine nafika karibu.

Wewe nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho safi na mkono usio na pupa, akujalie mgongo usiohitaji kupigwa picha, na popote utakapokwenda akurudishe kwa miguu yako yote miwili.