Kiitikio Nilichoongoza

Wimbo ule wa Kipsigis, lugha ya wenyeji, ulipigwa katika kila harusi hapa Mogogosiek, na mimi, mchuma chai kutoka upande wa ziwa, niliuimba na kuucheza mpaka viatu vikaisha. Neno moja tu nililijua maana, 'toek', yaani wageni. Nikadhani tunakaribishwa.

Juzi mashine zilipochukua kazi yetu, nikiwa nafunga virago, nilimwomba jirani anitafsirie wimbo wote. Aliinamisha macho.

"Dada, wimbo unasema wageni wakimaliza chai, wasindikizwe mpaka kwao."

Kumbe ndiyo maana wenyeji walikuwa wanacheka kila nilipouimba! Hata mmoja hakunivuta kando aniambie ninyamaze. Miaka ishirini nimeongoza kiitikio cha kufukuzwa kwangu, tena kwa sauti kubwa kuliko mama wa bibi harusi.