Spika za Saidi Chini ya Bati Langu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto mpaka leo, na mimi sasa ni mstaafu, mtu wa kuota jua mbele ya nyumba. Siku hiyo nilimwita mtu tapeli katikati ya mnada wa kijijini kwetu Sepuka kwa sababu ya spika. Ndiyo, spika za muziki. Usicheke kwanza, subiri nikueleze.

Nilikuwa muuguzi kijana pale zahanati, sijaolewa, mshahara naula mwenyewe. Nilikuwa nimejenga nyumba ya vyumba viwili, matofali ya saruji, sakafu ya saruji, juu bati jipya linalong'aa mpaka unafumba macho. Wengi kijijini walikuwa bado kwenye tembe, nyumba zetu zile za kuta nene za udongo na paa bapa la udongo. Mimi nilishaziona za kizamani. Nilitembea kwa maringo, mwanangu, sitaki kukuficha. Ila ndani ya nyumba hiyo ya maringo hamkuwa na kitu: kitanda, kiti kimoja, na hamu ya muziki.

Hamu yenyewe niliipata chuoni. Daktari mmoja mzee aliyekuwa akitufundisha alinituma faili nyumbani kwake, nikakuta spika mbili za mbao sebuleni, zinapiga gitaa taratibu kabisa. Nilitafuta kwa macho mtu anayelipiga. Nilidhani yuko nyuma ya pazia! Nikasimama mlangoni nimesahau kilichonipeleka. Tangu hapo redio ya kawaida ikawa hainishibishi.

Basi alikuwepo kijana mmoja, Saidi, fundi redio wa Singida mjini, mpole, mwenye vidole virefu. Siku za mnada alikuja Sepuka na kupanga meza yake ya redio na kanda. Nilimwambia shida yangu, akahangaika miezi, hatimaye akanipatia spika mbili zilizotumika Ulaya, masanduku ya mbao hasa, mazito. Fedha ya kuzinunulia nilikuwa nimeiwekea akiba miaka miwili.

"Dada, hizi si za kupigia harusini," aliniambia. "Hizi ni za mtu kukaa chini akasikiliza. Usizibane kwenye kona, usiziweke sakafuni. Na uzijaribu kwa wimbo unaoujua vizuri."

"Saidi, mimi si mtoto," nikamjibu. Nikabeba mali yangu nikaondoka.

Nikaziweka sakafuni, kila moja kwenye kona yake, zimeegemea ukuta, maana ndivyo zilivyopendeza kwa macho. Nikaunganisha amplifaya yangu ndogo na betri ya gari, nikaweka kanda ya kwaya yetu wenyewe, kwaya niliyokuwa naimba sauti ya pili. Lo! Besi ikanguruma chumba kizima, na waimbaji utadhani wametumbukia kwenye pipa tupu. Neno hulishiki. Nikaongeza sauti, bati likaanza kutetemeka. Siku tatu nzima nimekaa kwenye kiti changu kimoja, nimevimba kwa hasira. Nikasema, huyu mtoto kaniuzia makopo.

Mnada ulipofika nikamfuata. Meza yake ilikuwa imezungukwa na watu, na mmoja wao ni Mzee Athumani, mfugaji anayeheshimika sana kwetu. Nilijua, kama wote tulivyojua, kwamba Saidi ameposa kwake, anamtaka binti yake Zainabu. Je, nilisita? Sikusita hata kidogo.

"Wewe Saidi ni tapeli!" nikapaza sauti. "Unawauzia watu mbao tupu!"

Saidi hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Dada, umeziweka wapi?"

"Nimeziweka kwangu! Ulitaka niziweke kwako?"

Weee, watu walicheka! Wengine walishika matumbo. Nami nikajiona mjanja wa maneno, kumbe mjinga ni mimi, maana lile swali lake lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mzee Athumani hakucheka. Alichukua fimbo yake akaenda zake.

Wiki haikuisha, Zainabu akaja zahanati. Nikadhani ana malaria, macho mekundu, yamevimba. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo dada," halafu akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Akasema, "Baba amerudisha posa. Anasema hatoi binti kwa mwizi. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Una hakika na ulichosema?"

Nilitaka kujibu nina hakika. Nikajikuta nimeinamia daftari la wagonjwa. Mwanangu, mimi niliyekuwa simpi mgonjwa hata kidonge kimoja kabla sijampima, hapo nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kusikiliza spika zake ndani ya chumba kimoja tu. Niliona aibu mbele ya yule binti, na chini ya aibu hiyo kukawa na udadisi. Kama si Saidi aliyeniibia sauti, basi iliibwa na nani?

Jibu lilikuja na shangazi yangu Monika. Alipita kunijulia hali, nikampigia ile kanda asikie nilivyodhulumiwa. Hakusikiliza hata dakika mbili.

"Zima," akasema. Nikazima. Akapiga kofi moja kwa viganja vyake vigumu vya jembe. Paa! Na chumba kikamjibu: paa-a-a. Akapiga tena, anaangalia bati juu, anaangalia kuta, anaangalia sakafu tupu.

"Sasa mbona nyumba yako inamdakia mtu maneno?" akaniuliza. "Hapa hata mimi nikikushauri hutanielewa. Vilete hivyo vitu kwangu."

Tukavipakia kwenye mkokoteni wa punda, na betri yake, mpaka kwenye tembe lake. Ndani mlikuwa na magunia ya mtama yamepangwa ukutani, ngozi sakafuni, mablanketi yamening'inia kwenye kamba. Shangazi akapiga kofi. Likaishia pale pale kwenye viganja. Tukaweka spika juu ya vinu viwili vilivyopinduliwa, mbali na ukuta, tukakaa mbele yake. Nikakumbuka maneno ya Saidi, kwamba hizi ni za kukaa chini na kusikiliza, nikaweka sauti ya chini.

Jamani. Kwaya yetu ilisimama ndani ya tembe! Namaanisha ilisimama, mmoja mmoja, huyu kushoto, huyu kulia. Nilimsikia mama mmoja wa sauti ya kwanza akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilisikia kiti kikisogezwa nyuma kule, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye redio yoyote. Machozi yalinitoka bila ruhusa.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. "Wanaimba vizuri," akasema. "Ila yupo mmoja hapo katikati anapotea. Kila wakipanda, yeye anabaki chini kidogo. Ni nani huyo?"

Nikasikiliza. Nikarudisha kanda, nikasikiliza tena.

"Ni mimi, shangazi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Miaka minne nilikuwa nikiimba nimeinua kidevu, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Spika za Saidi ziliniambia. Ndipo nikajua ni spika za kweli.

"Haya," shangazi akasema, kicheko kimeisha. "Kesho tunakwenda kwa Athumani. Na mkokoteni huo huo."

Sikulala vizuri, lakini nilikwenda. Mzee Athumani alitupokea ukumbini kwake, nyumba ya bati nayo, ila ina mikeka chini na makochi. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikamweleza yote, hata habari ya sauti yangu kupotea. Akaleta kanda yake ya kaswida.

"Weka pale kwenye kona kama ulivyoweka kwako." Tukaweka. Akakunja uso. "Sasa sogeza mbele." Tukasogeza. Akainua nyusi. "Pandisha juu ya viti, zilingane na masikio." Akasogea mwenyewe, akakaa kulia, akakaa kushoto, akaja katikati. "Ondoeni mikeka." Sauti ikaharibika. "Irudisheni, irudisheni!" Mzee wa watu akawa anafurahi waziwazi, anaita majirani waje wasikie. Alasiri yote ilikwisha hivyo, na Zainabu anachungulia kwenye pazia asijue acheke au alie.

Mwishowe akazima, akanigeukia. Uso ule wa furaha ulikuwa umeondoka.

"Spika hizi leo tumezisogeza mara tano ndipo tukajua ni nzuri au mbaya," akasema. "Lile neno tapeli, binti yangu, ulilisogeza mara ngapi kabla hujalitoa?"

Akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, "Na mimi nimekosa. Nimemkatalia mtoto wa watu wala sikumuuliza."

Posa ilipokelewa tena, na harusi nilikula. Lakini usidhani mambo yaliishia kwenye pilau. Nilikwenda mjini nikamwomba Saidi msamaha mbele ya mafundi wenzake. Nilisimama pia mnadani, mara tatu, nikatangaza kwamba Saidi si tapeli, kosa lilikuwa langu. Unajua nini? Siku ya kumtukana watu walijaa. Siku ya kumsafisha walikuwa wananunua mbuzi.

Meza yake hakuipanga tena Sepuka. Nilimuuliza kwa nini, ilhali alikuwa ameshanisamehe.

"Nimekusamehe kweli, dada," akaniambia. "Ila wale waliocheka ni wengi, na sijui nyumba zao ziko wapi niende nikawapigie spika."

Maneno hayo bado yananichoma, mwanangu, kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Kwa hiyo nakuomba. Ukinunua spika zako za thamani, nanyi siku hizi mnanunua kweli, usizihukumu siku ya kwanza. Piga kofi chumbani, usikie chumba kinasema nini. Zitoe kwenye kona, zipandishe zilingane na masikio, tandika kitu chini, tundika kitambaa kizito ukutani. Weka wimbo unaoujua mpaka pumzi zake, na usipandishe sauti. Chombo kizuri utakijua kikisema taratibu. Zikikataa hapo, zipeleke nyumba nyingine. Zikikataa na huko, mrudie aliyekuuzia, mkae wawili, umuulize, na yeye akikuuliza umeziweka wapi, mjibu kwa adabu.

Na mtu naye mfanyie hivyo hivyo. Mnada wenu siku hizi uko kwenye simu, unamwandika mtu mwizi kwa kidole kimoja na wanacheka watu usiowajua. Ukija kugundua umekosea, hao hutawapata wote. Mimi wa kwangu niliwajua kwa majina na bado walinishinda.

Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usio na haraka. Nyumba yako isikose wimbo, na katika wimbo huo pasiwepo mtu anayelia kwa ajili yako. Amina, mwanangu.