Vichupa vya Protini Kwenye Friza ya Samaki

Wazazi na wadogo zake waliporudi Burundi, Melania Nyabenda alibaki Kigoma kwa ajili ya kazi. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti. Mwenzake Gasper alipohamishwa, nafasi yake haikujazwa, na Melania akazoea kushinda kutwa nzima bila kusikia hata sauti yake mwenyewe.

Mwezi Machi ikafika protini waliyoingoja miezi mitano: unga kiduchu chini ya kichupa, mtu angeweza kudhani ni kitupu. Ilitengenezwa kiwandani kwa kuiga ile inayokaa kwenye utando wa seli zetu, ambayo huwatuliza askari wa mwili wasiushambulie mwili wenyewe. Mkuu wake, Daktari Pastory, alitaka kujua malaria ya mara kwa mara inauvurugaje utulivu huo. Melania akaiyeyusha polepole bila kuitikisa, akaigawa kwenye vichupa ishirini, akaigandisha.

Jumamosi alipita kuangalia tu. Umeme ulikuwepo, lakini friza ilikuwa kimya na joto lake linapanda. Akampigia Daktari Pastory, hapatikani. Hakuwa na mwingine wa kumpigia. Akapanga vichupa kwenye boksi la barafu, akapanda bodaboda hadi Kibirizi kwa Scola, mama muuza samaki ambaye Melania alizoea kununua migebuka kwake.

"Dada Scola, naomba nafasi kwenye friza yako mpaka Jumatatu."

"Dawa hiyo?"

"Siyo dawa, ni ya utafiti. Haina madhara, na nimeifunga mara tatu."

Scola akasogeza samaki pembeni. "Weka. Sasa mbona unalia?"

Melania hakuwa amejua kwamba analia. "Urakoze," alishukuru, Kirundi kikimtoka chenyewe.

Jumatatu mafundi walitengeneza friza. Melania akavirudisha vichupa kutoka kwa Scola, akapima kimoja, akarudia mara mbili. Protini ilikuwa bado inashika seli kama inavyotakiwa. Akampigia mkuu wake.

"Safi. Nitumie majibu kwa barua pepe," alisema Daktari Pastory, akakata.

Melania akakaa na simu mkononi, kisha akampigia mama yake aliyeko Makamba, Burundi.

"Mama, haikuharibika!"

"Nini hicho, mwanangu?"

Akaanza kueleza, seli, utando, askari wa mwili. Mama akawa anaitikia, "Ego, ego," kwa upole wa mtu asiyeelewa, kisha akauliza kama amekula.

"Nimekula," Melania akadanganya. Salio likaisha hapo. Akavaa glavu, akarudi mezani.