Leso Zetu Kabatini mwa Matroni

Nilimkuta mwenzangu anamlisha uji maiti.

Ilikuwa adhuhuri, wodi ya wanawake, jua limesimama juu ya mabati na hata nzi hasikiki. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha bibi mmoja mgonjwa, mtu wa kijiji cha Jego, kibakuli mkononi, kijiko kinakwenda na kurudi. Uji ulitoka kinywani, ukateremka kidevuni mpaka shingoni, naye akaupangusa polepole na kuurudisha.

"Kunywa, mama. Kidogo tu, kisha nitakuacha ulale."

Nikamshika bibi mguu. Wa baridi. Nikamtazama mwenzangu usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yamenielekea, lakini mwenyewe hakuwamo. Alikuwa amelala. Wagonjwa wengine walikuwa wamejifunika shuka gubigubi, na joto lote lile. Walikuwa wamemwona kabla yangu.

Sisi tulikuwa wauguzi wasaidizi, watu wa madarasa machache, katika hospitali ndogo ya njia ya Msambweni ambayo leo hata ukuta wake haupo. Uhuru ulikuwa mbichi. Masista wa Kizungu walikuwa wameondoka, na nafasi zao hazikuandikwa watu, tulizibeba sisi. Ovataimu, ile kazi ya kupita saa za zamu, ilikuwa ya aina mbili. Ya lazima, unaambiwa hutoki mpaka mwenzako wa zamu afike, na huyo mwenzako hayuko, hajaajiriwa bado. Ya pili iliitwa ya kujitolea.

Asubuhi tulivua leso na mabuibui, tukavaa gauni la kazi, lile la kuishia magotini. Matroni, mkubwa wetu sisi wauguzi, akazifungia nguo zetu katika kabati la wavu mwisho wa wodi, ati zisilete uchafu, na ufunguo ukakaa kiunoni mwake. Mwanamke gani wa Kidigo atatoka magoti wazi apite mbele ya wakwe zake? Matroni alilijua hilo. Ni mwenyeji wa Kwale, si mgeni. Nami kabati lile sikupenda kuligeukia ghafla. Ungeziona leso zinavyoning'inia ukadhani ni sisi wenyewe tumesimama mle bila vichwa, tunajingoja.

Jioni matroni alisimama mbele ya kabati akaliziba kwa mgongo wake.

"Nani anajitolea?"

Kimya.

"Hii ndiyo harambee, wanangu. Nchi haijengwi na watu wa kukimbilia kwao."

Kimya tena, naye hasogei. Kunyamaza kwetu ndiko alikokuita kujitolea.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Kikoneni, ana mtoto anyonyaye. Jioni ya kwanza alisema, "Bibi Matroni, maziwa yananiuma. Mtoto ananingoja."

"Si ana nyanya yake? Apewe ya ng'ombe, atanenepa kukushinda wewe."

Tukacheka, na yeye akacheka. Akabaki. Jioni ya pili hakusema neno. Kulipokucha akashikwa na zamu nyingine, na adhuhuri yake ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Nikamwita daktari mkubwa. Akatazama, akamuuliza matroni ni nani aliyemweka mtu zamu zote hizo.

"Alijitolea mwenyewe, daktari."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaenda kula. Kisha yeye na matroni wakasema bibi alikufa kwa kupaliwa na uji, kwa uzembe wa muuguzi. Mguu ule niliushika mimi. Ulikuwa umepoa, na uji bado una moshi.

Mwenzangu akafukuzwa kazi siku ile ile. Matroni alifungua kabati, akamnyoshea leso yake. Mwenzangu akaitazama, asiipokee.

"Hii si yangu," akasema. "Mwenyewe bado yumo humo ndani."

Akatoka juani, magoti wazi.

Nilikwenda Kikoneni kumtazama. Mtoto analia chini, yeye hamsikii. Alikuwa na kibakuli, anainyoshea kijiko nafasi tupu ya mkeka. "Kunywa, mama." Alifariki hivyo hivyo, kijana bado. Mimi nilisalimika, ikiwa huku ni kusalimika. Ikifika adhuhuri sikai peke yangu nyumbani.

Mtoto yule sasa ni mwanamke mzima. Alikuja kwangu akaniamkia, akakaa, akauliza, "Ni kweli mamangu alijitolea?" Nilimwambia anipe muda, maana jibu si langu peke yangu.

Matroni yuko Diani, ana nyumba nzuri. Daktari mkubwa yuko Kwale, anakula pensheni. Tukikutana hunisalimia vizuri. Sitaki salamu zao. Nataka waende Kikoneni, adhuhuri, wakae kwenye mkeka ule mbele ya binti yule, wamjibu.