Siku Jeshi Lilipojikamata Lenyewe

Askari kupiga watu kwetu si habari. Ila askari kupigwa na askari wenzao, kisa vizibao nilivyovishona mimi kwa mkono wangu, hiyo nimeiona mara moja tu. Na nilikuwa kiti cha mbele kabisa.

Tulieni niwape kisa chote.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani. Natoka kwenye lile kabila dogo ambalo redio haipendi kulitaja kwa jina. Inasema tu "wale". Wale wameandamana. Wale wametulizwa. Mtangazaji akisema wale, nyumbani tunajua ni sisi, tunaongeza sauti tusikie tumefanyiwa nini tena.

Wanaume wetu huvaa kizibao cheusi chenye ukosi mwekundu. Ni nguo tu, haina kombora ndani. Lakini tulipoandamana kudai diwani tuliyemchagua aapishwe, serikali ikaleta jeshi kulinda amani, na jeshi likapiga marufuku kizibao. Ukionekana nacho unaitwa mchochezi.

Mdogo wangu, mwalimu wa hesabu, alikivaa kwenda harusini kwa rafiki yake. Hakufika.

Wakamfungia kwenye ghala la zamani la pamba pamoja na wenzake. Hakuna mashtaka wala mahakama. Tangu siku ile Mama hakai mezani. Anakula amesimama dirishani, macho barabarani, na chakula kinapoa mkononi.

Basi asubuhi moja naona gari la jeshi limesimama mbele ya duka langu. Anashuka Kamanda wa eneo, ambaye mtaani tunamwita Shwari, maana nyumba iungue, daraja livunjike, yeye kwenye redio ni "hali ni shwari" tu.

Akaniuliza, "Fundi, unajua kushona vile vizibao vyenu?"

"Nilijua zamani, afande. Sasa nimeshasahau."

"Basi kumbuka haraka. Nataka vya watu wa kujaza basi."

Nikadhani kawa kichaa. Akavuta kiti, akanieleza kama mtu anayeeleza mambo ya harusi. Waangalizi wa kimataifa wanakuja kuona jinsi wale wanavyoishi kwa raha chini ya jeshi. Kwa hiyo atachukua askari wake, awavalishe vizibao, wasimame sokoni wakifurahi.

"Si ungetuonyesha sisi wenyewe, afande?"

"Nyinyi hamna nidhamu," akasema. "Mkiulizwa swali mnajibu."

Nikaona hapohapo ndipo pa kuombea langu. Nikamwambia nina mdogo wangu kule ghalani. Akatikisa kichwa taratibu, akasema wageni wakiondoka wameridhika, mdogo wangu atalala nyumbani.

Nilishona mpaka vidole vikafa ganzi. Mtanicheka, lakini ningemshonea hata shetani koti ili mtoto wa mama yangu atoke.

Siku ya kupima nguo, askari walipanga foleni kwa urefu. Vifua mbele, mikono imebana ubavuni. Nikamwambia Sajenti wao, "Legezeni mabega. Sisi hatusimami hivi."

"Mnasimamaje?"

"Mkiwepo nyinyi? Tunainama."

Akawageukia vijana wake, akapaza sauti: "Kikosi, inama!" Wakainama wote kwa pamoja. Wakafundishwa pia kufurahi. "Furaha, anza! Furaha, acha!" Walivipiga pasi vizibao mpaka vikawa na mikunjo ya sare. Nikasema moyoni, huyu mgeni atakayedanganyika hapa naye atakuwa na lake jambo.

Mpango wote ulikuwa siri kubwa. Kamanda aliwaambia waache vitambulisho vyao kambini, wasije wakapekuliwa mbele ya wageni ikawa aibu. Mimi nikaambiwa nipande nao basi na sindano zangu, kifungo kikikatika nishone hukohuko.

Sasa sikilizeni kosa lilipotokea.

Kwa sababu ya ujio wa wageni, makao makuu yalileta kikosi kipya kuongeza ulinzi. Asubuhi hiyohiyo kikapewa vizuizi vya barabarani pamoja na lile ghala. Na kwa kuwa mpango wa Kamanda ulikuwa siri, aliufanya siri kweli. Kikosi kipya hakikuambiwa kitu.

Basi letu likasimamishwa kizuizini. Askari mmoja akachungulia dirishani, akaona vizibao vimejaa mpaka viti vya nyuma. Uso ukambadilika.

"Wale," akasema. "Basi zima la wale."

Sajenti akasimama kwa kujiamini. "Kijana, tulia. Sisi ni askari."

"Kitambulisho?"

"Tumeviacha kambini."

"Umeacha kambini," yule akarudia huku akifungua mlango.

Jamani. Walishushwa kwa kola. Kila aliyesema "mimi ni askari" aliongezewa kipigo, kwa kosa la kudhalilisha jeshi. Sajenti alikuwa anataja jina la Kamanda, anataja namba yake ya jeshi, anataja mpaka jina la mbwa wa kambini. Kitako cha bunduki kikamwangukia mkononi. Nilisikia mfupa. Nitasema ukweli, kwanza nilitaka kucheka, halafu yule kijana mwembamba niliyemkaza kiuno jana yake akamwita mama yake, nikashindwa. Wanalia vilevile tunavyolia sisi.

Wakatupwa kwenye lori kupelekwa ghalani. Mimi nikaambiwa, "Wewe mama, nenda zako."

Sikwenda zangu. Nilikimbilia ghalani, maana ndiko aliko ndugu yangu. Nilifika getini ninahema, nikamkuta mlinzi ana simu sikioni. Habari za basi zilikuwa zimeshamfikia Kamanda, na sauti yake ilikuwa inatoka mpaka nje.

"Hao ni askari wangu! Wenye vizibao, watoe haraka, wageni wanaota jua huku!"

Mlinzi akafungua mlango wa ghala. Ndani walikuwa watu wengi, wote wana vizibao, kwa sababu kizibao ndicho kilichowaingiza. Vya zamani vimechanika, na vipya navyo vilishachanika kwa kipigo cha asubuhi. Vumbi moja, damu moja.

"Askari watoke," mlinzi akasema.

Halafu nikasikia sauti ninayoijua tangu ilipokuwa ya kitoto.

"Ndiyo, afande!"

Mdogo wangu. Na nyuma yake ghala zima likaitika, ndiyo afande.

Mlinzi akakuna kichwa. Akaamua kufanya mtihani: aliye askari apige saluti.

Mjue kwamba kule ghalani wafungwa walikuwa wanafunzwa uzalendo. Kila asubuhi saluti, wimbo wa taifa, kutembea kwa gwaride, ukikosea unakosa maji. Miezi yote ile. Kwa hiyo mdogo wangu aliporusha mkono kwenye paji la uso, hata mlinzi mwenyewe alijikuta amerudisha saluti.

Askari wa kweli je? Wao walianza ubishi. "Unanijua mimi ni nani wewe?" "Utakiona!" Sajenti hakuweza kuinua mkono wake. Mlinzi akawatazama kwa dharau, akasema hawa hata nidhamu hawana, akawarudisha ndani. Waliofaulu wakapandishwa basi letu, lililoletwa nyuma ya lori, mpaka likajaa.

Nilisogea mlangoni mwa basi, machozi yananitoka, nikamgusa mkono. Mdogo wangu hakunitazama.

"Raia, sogea pembeni," akasema.

Nikamwelewa. Nikamwambia mlinzi mimi ni fundi wao, nina sindano hapa, vifungo vimekatika. Akaniruhusu nikapanda.

Ndani ya basi nilimnong'oneza, "Sikiliza. Mkifika pale mtaulizwa hali ikoje. Sema shwari. Neno moja tu, twende kwa Mama."

Yeye alikuwa anaangalia miti inavyopita dirishani, ametoa macho kama mtoto mchanga.

Sokoni wageni walikuwa wameshachoka kusubiri. Kiongozi wao alikuwa mama wa kizungu mwenye nywele nyeupe, na kando yake mkalimani na watu wa kamera. Kamanda hakuwahi kuzitazama nyuso za askari wake, sembuse za wafungwa wake. Aliona vizibao, akafurahi. Akanivuta pembeni.

"Fundi, umewapaka nini? Wamekonda hasa. Safi, lakini umezidisha kidogo."

Yule mama akapita kwenye mstari, akasimama mbele ya mdogo wangu. Akamuuliza, kwa mkalimani, anaishije na jeshi.

Nilijiuma mdomo. Sema shwari. Sema shwari, baba, nakuomba.

Mdogo wangu akanitazama kwanza. Kisha akamtazama yule mama. "Naishi kwenye ghala," akasema. "Leo ndiyo naona jua." Akageuka, akainua kizibao, akaonyesha mgongo. Sitauelezea ule mgongo hapa. Nilikuwa nimembeba mgongoni mwangu huyo mtoto alipokuwa mdogo.

Kamera zote zikageuka.

Kamanda akacheka kwanza, akidhani kijana kanogewa na maigizo. Alipoona mgeni haandiki tena, anatazama tu, jasho likamtoka.

"Msimsikilize," akasema. "Huyu si mtu wa hapa. Ni askari wangu. Hawa wote ni askari wangu, tumewavalisha tu."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Hata nzi waliokuwa kwenye meza ya samaki sidhani kama waliruka.

"Askari wako?" akauliza yule mama.

"Kabisa. Naapa."

"Basi nani amempiga askari wako hivi?"

Kamanda akarekebisha kofia yake.

Hapo ndipo mdogo wangu alipopiga saluti, ile ya ghalani, kisigino kikalia. "Afande, naomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yangu."

Kamera ziko palepale. Mkubwa gani atamnyima askari wake ruhusa, mgongo ukiwa vile, dunia inatazama? Kamanda akainua mkono, akarudisha saluti.

"Ruhusa," akasema.

Na mwingine akapiga saluti. Ruhusa. Na mwingine. Basi zima likaenda likizo, huku mimi nimekaa chini ya meza ya muuza nguo, nawahesabu.

Mama alimwona kutoka dirishani. Aliweka sahani chini, akatoka nje bila viatu. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshamvusha mpakani, na huko ndiko anakofundisha hesabu hadi leo.

Mnataka kujua jumuiya ya kimataifa ilifanya nini? Ilitoa taarifa. Ikasema imesikitishwa sana na hali ngumu ya askari wa nchi yetu, ikaleta magodoro na buti mpya kambini. Kuhusu sisi uliandikwa mstari mmoja, kwamba waangalizi hawakubahatika kukutana na wenyeji. Shwari akapandishwa cheo kwa kuleta magodoro.

Lakini kuna jambo halikuandikwa popote. Kwa kuwa Kamanda alishaapa mbele ya kamera kwamba wenye vizibao aliowapa likizo ndio askari wake, Sajenti na vijana wake waliobaki ghalani hawakuweza kuwa askari tena. Kuwatoa ilikuwa ni kukiri kwamba aliwaaga wafungwa kwa saluti. Akawaacha humohumo.

Nilirudi kule getini baadaye, maana jirani yangu alikuwa bado na mtoto ndani. Nikamkuta mama mmoja mgeni, amekaa juu ya mzigo, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Alikuwa ametoka mbali, mkoa wanakotoka wakubwa wa serikali. Mama yake Sajenti.

"Wamemkosea mwanangu," akaniambia. "Wanasema eti ni mchochezi. Yeye ni askari. Kila mlango nimegonga, hakuna anayenisikiliza."

Nikakaa naye. Nikamwelekeza mlinzi gani ana huruma, na upande gani wa ukuta sauti inapenya ukimwita mtu kwa jina. Akanishukuru, akashangaa nimeyajuaje yote yale. Nikamwambia sisi tumezoea.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nikisikia mtu wa huku kakamatwa, nasema atakuwa kafanya kitu. Hawawezi kumkamata bure."

Nilimshika mkono, tukasogea pamoja kwenye ukuta, naye akaanza kumwita mwanawe.

Funzo langu ni hilo tu, ndugu zangu mnaonisoma. Siku ulimi ukikuwasha kusema "atakuwa kafanya kitu", uzuie. Nenda kwanza pale getini, ukae na akina mama waliopo, uwaulize.