Shefu Aliyekwenda Kuwinda na Marashi

Shefu wangu, mkubwa wangu wa kazi, hujipulizia marashi hata siku anayoshinda peke yake ofisini. Nimemwendesha miaka mingi kati ya Kolwezi na Tenke, madirisha ya gari yakiwa yamefungwa, na jioni mke wangu hunitaka nioge kwanza ndipo niketi mezani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, kwamba lazima aue pongo, yule swala wa vichakani. Bunduki alikuwa nayo, kibali alikuwa nacho, picha akiwa na vyote viwili alikwisha kupiga. Alikosa mnyama tu.

"Mujomba wako si njo anawindaka kule njia ya Dilolo?" aliniuliza. "Muambie atutafutie moja mukubwa."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza kiti.

Kaka yake mama yangu amewinda maisha yake yote, na ndiye aliyenifundisha kutembea porini nilipokuwa kijana. Nilimtangulia shefu kwenda kwake, tukaanza kutafuta. Kwenye tope la kijito tuliona alama za kwato, kingo zake bado hazijabomoka. Karibu na kichuguu kulikuwa na kinyesi kibichi, na majani machanga yalikuwa yameng'atwa kimo cha kiuno changu. Siku ya pili tulimwona mwenyewe, dume mwenye madoa meupe ubavuni, akishuka kunywa maji alasiri. Mjomba alitoa kitambaa chenye majivu, akayadondosha kidogo. Yalipeperuka kuelekea kwetu kutoka kwenye njia yake.

"Tutakaa hapa hapa," alisema. "Mupepo utoke kwake, ukuye kwetu."

Nilimpigia shefu simu nikamweleza masharti ya mjomba: asijipake marashi, aoge kwa maji matupu, asivute sigara, nguo azitundike kwenye moshi wa majani usiku kucha. Sisi tulikuwa tumekwisha kufanya hivyo.

"Ile ni bintu ya bazee," alijibu. "Mi niko na dawa ya kuua harufu. Imetoka Ulaya."

Alifika siku ya tatu na mavazi ya madoadoa kama ya askari, mapya, mikunjo ya dukani ikionekana bado. Alitoa kichupa, akajipulizia kuanzia kofia hadi viatu. Sijui dawa ile ilikusudiwa kuua harufu gani, maana marashi yake yalikuwa pale pale, na juu yake sasa kulikuwa na kitu kama sabuni ya hospitali. Mjomba alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akatutangulia kichakani. Ni mtu mwenye adabu, na mgeni alikuwa wangu.

Tulikaa nyuma ya kichaka. Baada ya muda mfupi shefu alifungua mfuko, akatoa makayabu, samaki wa chumvi aliyekaangwa na vitunguu, akaanza kula.

"Tata, acha kwanza," mjomba alimnong'oneza kwa heshima.

"Njaa haina msimu," alisema, akalamba vidole.

Hata hivyo upepo ulitusaidia. Pongo alitokea mahali pale pale, akasimama, akainua pua, akasogea hatua mbili. Nilinyoosha mkono nimguse shefu bega. Hakuwepo. Alikuwa ameinuka kwenda haja ndogo, na katika pori lote lile alichagua kwenda upande ambao upepo unatoka, ng'ambo kidogo ya njia ya mnyama. Pongo alibweka mara moja, kama mbwa mkubwa, tukaona mkia mweupe ukizama vichakani. Shefu alirudi mbio akifunga suruali, akanyakua bunduki, akapiga mti.

"Nyama yenu ni ya woga sana," alituambia.

Tukiwa njiani kurudi Kolwezi aliniamuru nisimame mbele ya watu waliotundika funo kando ya barabara, swala mdogo asiyefika nusu ya pongo yule. Mguu wake mmoja ulikuwa na mkato wa waya wa mtego. Shefu alimnunua, akamlaza juu ya nyasi, akapiga magoti, akauficha ule mguu chini ya paja lake. Mimi ndiye niliyeshika simu. Nilipiga picha nne, kwa sababu hakuipenda sura yake katika zile tatu za kwanza.

Jumatatu ofisini waliipitisha picha mkono kwa mkono. Karani mmoja aliuliza kama kweli ni shefu mwenyewe aliyempiga.

"Dereva alikuwako," shefu alisema. "Mumuulize."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kunyamaza tu, ingetosha.

"Alimupiga," nilisema. "Risasi moja."

Nimemdharau mtu yule kwa mambo mengi, lakini siku ile nilipotoka nje kufuta vioo vya gari sikuwa nikimfikiria yeye. Habari zilimfikia mjomba kupitia madereva wa malori. Nilipokwenda kumsalimia aliniuliza mara moja tu kama nilisema vile, nikakubali. Akaniwekea bukari, ugali wa kwetu, na mboga, tukala, akaniuliza habari za watoto. Kesho yake alfajiri nilipoamka alikuwa amekwisha kwenda porini, na tangu hapo hajaniambia tena siku anayokwenda.